Waliodesa Donkey Kong: Wezi au Wanafunzi?

Mtandaoni siku hizi ukitoa kitu kinachofanana na cha mwenzako, umekwisha. Komenti zote ni moja tu: mwizi! Lakini kwenye dunia ya gemu kuna stori ya zamani inayoonyesha kuwa ishu siyo nyepesi hivyo.

Twende mwaka 1981. Nintendo wanaachia Donkey Kong kwenye zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Kuna seremala mfupi anapanda ngazi na kuruka mapipa, kule juu sokwe kamteka mrembo. Gemu ikawa moto. Shida ni kwamba kuicheza mpaka utoke nyumbani na sarafu mfukoni, na ukifa unatumbukiza nyingine.

Kule Uingereza vijana wengi walikuwa wameanza kupata kompyuta nyumbani, kama ZX Spectrum na BBC Micro. Walitaka sokwe wao humo humo. Wajanja wakaingia kazini. Mwaka 1983 BBC Micro ikapata Killer Gorilla. Spectrum nayo ikapata Kong. Jina limebadilishwa, ila sokwe ni yule yule, ngazi zile zile na mapipa yale yale. Donkey Kong halali ilikuja kufika kwenye Spectrum mwaka 1986, na walioitoa ni Ocean, kampuni ile ile iliyokuwa imeuza Kong!

Sasa wanaosema "wezi" wana hoja. Mtu kaumiza kichwa kubuni, wewe unabadilisha jina na kuingiza hela. Hiyo siyo fresh, na kusema "watoto walifurahi" hakufuti kosa.

Ila kuna upande wa pili. Hawa jamaa hawakubonyeza kitufe cha kukopi. Kodi za Nintendo hawakuwa nazo. Ilibidi waangalie mashine inavyofanya, halafu waandike kila kitu upya kwenye kompyuta yenye memori ya kilobaiti 48 au chini ya hapo, na mzigo wote uingie kwenye kaseti. Pipa lidunde vipi? Mtu akiruka aanguke baada ya muda gani? Ukifanikiwa hapo, wewe tayari ni fundi.

Na hata Nintendo wenyewe waliwahi kuitwa wezi. Mwaka 1982 Universal waliwapeleka mahakamani Marekani, wakidai Donkey Kong imemwiba King Kong. Nintendo wakashinda. Kwa hiyo sokwe na mrembo ni wazo ambalo lilikuwepo kabla yao. Walichoongeza wao ni zile ngazi, yale mapipa na ule mruko, na hicho ndicho wenzao walichobeba.

Mwaka 1987 huko Ujerumani ikatoka The Great Giana Sisters kwenye Commodore 64. Ukiiwasha unaona kabisa ni Super Mario Bros. waliovalishwa gauni. Nintendo wakabana, gemu ikaondolewa madukani. Jasho lote likaishia hapo, kwa sababu waliuza sura ya mtu mwingine.

Sasa linganisha na jamaa wawili wa Louisiana, Marekani, mwaka 1990. Wakati huo PC zilishindwa kuisogeza picha ikateleza vizuri kama kwenye Nintendo. Wao wakakesha usiku mmoja, wakajenga upya mwanzo wa Super Mario Bros. 3 kwenye PC, na wakaipa kazi yao jina la utani lenye maana ya "kuvunja hakimiliki". Yaani walijua wanachofanya! Baadaye wao na wenzao wakawapelekea Nintendo sampuli kamili. Nintendo wakakataa, hawakutaka gemu zao ziende kwenye PC.

Wangeweza kubadilisha kofia na jina wakauza hivyo hivyo. Hawakufanya. Walichukua ufundi wa kutelezesha picha, wakabuni mtoto wao wenyewe, na Desemba mwaka huo huo ikatoka Commander Keen. Mwaka 1993 timu hiyo hiyo ikaachia Doom. Hapo sasa dunia nzima ikaanza kuwadesa wao.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kudesa ili ujue kitu kinavyofanya kazi ni shule, na karibu kila fundi kapitia. Kuchukua desa ukaliuza kama lako ni kuishi kwenye nyumba ya mtu: siku mwenyewe akibisha hodi, unatoka na begi lako. Kijana anayeiga biti, video au app ya mtu usiku chumbani kwake asitukanwe. Aulizwe kitu kimoja tu: umejifunza nini humo, na chako kinatoka lini?

Wewe uko upande gani, wezi au wanafunzi? Dondosha komenti hapo chini, matusi weka pembeni.