Huu Mkia wa "wa Kike" Tuukate

Kuna tabia imeota mizizi katika magazeti na redio zetu, nami siwezi tena kuinyamazia. Mwanamke akirusha ndege huandikwa "rubani wa kike". Akipasua wagonjwa, "daktari wa kike". Akigonga ukingo wa daraja, ndipo tunapopigiwa kelele kwamba dereva alikuwa mwanamke! Mabasi mangapi yamepinduka mikononi mwa wanaume, na ni mwandishi gani aliyewahi kuandika "dereva wa kiume"?

Lugha tuliyorithi haituamrishi hivyo. Ukisema "yeye" au "amefika", umemtaja mtu, basi. Mwingereza akimsimulia jirani yake, mara nyingi huamua kwanza kama ni mwanamume au mwanamke, na Mwarabu hutenganisha hata anaosema nao ana kwa ana. Sisi tumejaliwa wepesi huo, kisha tunahangaika kuutupa. Mwacha asili ni mtumwa.

Watazameni waliotutangulia. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo, watu walinunua zile sahani za santuri kwa utamu wa sauti yake. Bibi Titi Mohamed aliwavuta maelfu ya watu waingie chama cha TANU kwa ufasaha na ujasiri. Tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan alipokula kiapo cha urais wa Tanzania, alikabidhiwa madaraka yale yale ya waliomtangulia, hayakupunguzwa hata chembe. Mwaka huo huo Martha Koome akawa Jaji Mkuu wa Kenya. Kuandika kwamba ni mwanamke wa kwanza ni sawa, hiyo ni historia. Lakini kulirudia jambo hilo kila wiki ni kumwambia binti anayesoma kwamba kwenye kiti kile yeye ni mgeni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Sisemi jinsia isitajwe kamwe. Twiga Stars ni timu ya wanawake na lazima isemwe. Mjamzito anayetaka mkunga mwanamke ana haki ya kuuliza. Penye haja tutaje.

Wahariri wetu, nyinyi ni walimu wa taifa, na kalamu zenu zimefichua maovu mengi. Mnashindwaje na maneno mawili?

Na hili la majumbani nalo silipiti. Mama wa makamo, mwenye wajukuu, anaitwa "hausigeli". Mzee wa mvi anayepalilia bustani anaitwa "shamba boi", na anayemwita hivyo ni mtoto wa shule ya msingi! Mwenyezi Mungu kamjalia umri, sisi tunamrudisha utotoni. Kwao kijijini mzee huyo huamkiwa shikamoo na kupishwa kitini. Enyi wazazi mnaosali Ijumaa na Jumapili, mtoto wenu akimwita mzee "boi" nanyi mkanyamaza, mnalea nini? Mwiteni leo, kabla ya chakula cha jioni, amwendee babu huyo na mama huyo, awaamkie na kuwaomba radhi.