Tiba ya mwanga kwa macho makavu: Kabla ya kulipa, uliza kuhusu ngozi yako

Tunduma. Mvua ikikata, vumbi la Tunduma halichagui mtu. Linampata dereva wa lori aliye kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, linampata bodaboda anayeendesha bila kioo cha kofia, na mama anayechoma mahindi kando ya barabara naye ana moshi wake juu ya vumbi. Ikifika jioni macho yanachoma kama yametiwa mchanga, yamekuwa mekundu na, cha ajabu, yanatoa machozi.

Wengi huishia duka la dawa kununua matone. Macho yanatulia siku mbili, kisha tatizo linarudi palepale. Mwenye simu anaanza kutafuta mtandaoni, na humo anakutana na tiba ya mwanga mkali unaomulikwa usoni kwa mapigo mafupi mafupi, inayoitwa kwa kifupi IPL.

Tiba hiyo ipo kweli, na si utapeli. Ishu ni kwamba haikutengenezwa kwa kila ngozi.

Mwanga unafanya nini

Jicho kavu si lazima liwe limeishiwa maji. Ndani ya kope kuna safu ya tezi ndogo za mafuta, zinazoitwa tezi za Meibom kwa jina la daktari Mjerumani Heinrich Meibom aliyezieleza mwaka 1666. Mafuta hayo hutandaza utando juu ya machozi ili yasikauke haraka. Tezi zikiziba, machozi hukauka kabla mtu hajapepesa tena, jicho linakereka, linamwaga maji mengi kwa mkupuo, na maji hayo nayo hayakai. Ndiyo maana mtu anafuta machozi mchana kutwa na bado anaambiwa macho yake ni makavu.

IPL ilianzia kwenye ngozi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari wa macho Rolando Toyos wa Memphis, Marekani, alibaini kuwa wagonjwa waliotibiwa kwa mwanga huo kwa ajili ya rosasea, ugonjwa wa wekundu usoni, walikuwa wanapata nafuu ya macho pia. Mwanga haupigwi ndani ya jicho. Macho yanafunikwa kwa kinga maalumu, kisha inamulikwa ngozi ya chini ya kope na mashavuni, kutoka sikio moja hadi jingine. Inaaminika kuwa mwanga huo hufunga vimishipa vya damu vinavyochochea uvimbe kwenye kope, na joto lake hulainisha mafuta yaliyoganda. Baadaye daktari hukamua tezi. Kwa kawaida ni awamu nne, zinazopishana wiki mbili hadi nne.

Inafanya kazi? Kwa baadhi ya watu, ndiyo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020 yalipata tafiti tatu tu za kulinganisha makundi, zenye watu wazima 114 kwa jumla, na yakasema ushahidi bado ni haba. Mwaka uliofuata, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliruhusu mashine ya kampuni ya Lumenis itumike kwa macho makavu yanayotokana na tezi zilizoziba, ikiwa nyongeza ya matibabu mengine.

Kibali chenyewe kina mpaka

Hapo ndipo mtu wa Songwe anatakiwa kusoma maandishi madogo. Wataalamu wa ngozi hutumia kipimo cha Fitzpatrick kinachopanga ngozi kuanzia namba 1, nyeupe inayoungua jua haraka, hadi namba 6, nyeusi kabisa. Kibali cha FDA kinahusu namba 1 hadi 4. Namba 5 na 6 hazimo, yaani karibu kila unayepishana naye sokoni Tunduma.

Sababu ni melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake. Melanini hunyonya mwanga. Mapigo yaliyokusudiwa kufika kwenye mshipa wa damu yanaishia juu ya ngozi na kugeuka moto. Mtu anaweza kutoka na malengelenge, mabaka meusi au meupe, hata kovu, tena katikati ya uso.

Mkorogo unaongeza hatari. Krimu za kujichubua zinaweza kuifanya ngozi ionekane ya namba ya chini, huku ikiwa imedhoofika. Anayezitumia anapaswa kusema wazi kabla ya kumulikwa, hata kama ni aibu. Vivyo hivyo anayemeza doksisaiklini, dawa inayoifanya ngozi iwe nyepesi kuungua na mwanga.

Wapo madaktari wanaopunguza nguvu ya mashine kwa ngozi nyeusi. Ipo pia njia nyingine ya mwanga mwekundu wa taa za LED, usio mkali, ambao mtu huvalishwa kama barakoa kwa takriban dakika 15. Huo unatajwa kuwa salama kwa ngozi zote, ila utafiti wake ni mchache kuliko hata wa IPL. Kwa hiyo akiambiwa tu "tuna tiba ya mwanga", mgonjwa ana haki ya kuuliza ni mwanga gani, na umewahi kutumika kwa ngozi kama yake mara ngapi.

Kuna na hesabu ya hela. Marekani kila awamu hugharimu mamia ya dola. Hata mashine ingekuwa Dar es Salaam, kutoka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Awamu nne, kwenda na kurudi, ni zaidi ya kilomita 7,200 za basi, bila kuhesabu siku ambazo bodaboda imelala.

Kinachokosekana ni kipimo

Kwa mkoa kama Songwe, mashine ya IPL si kitu cha kwanza cha kulilia. Kabla yake panahitajika mtu wa kutambua aina ya ukavu, kwa sababu aliyepungukiwa maji ya machozi hatafaidika kwa kufunguliwa tezi za mafuta. Kipimo chenyewe ni rahisi: rangi ya njano inawekwa jichoni, inamulikwa kwa mwanga wa bluu, na mpimaji anahesabu sekunde hadi utando wa machozi upasuke. Zikiwa chini ya 10, kuna tatizo.

Tezi zikiwa ndizo zilizoziba, hatua ya kwanza duniani kote ni joto la kawaida. Kitambaa safi kinachovywa kwenye maji ya moto ya kuvumilika, kinawekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano hadi kumi, kikipoa kinachovywa tena. Kisha kope zinakandwa taratibu, ya juu kuelekea chini, ya chini kuelekea juu. Mara mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa, pamoja na machozi bandia. Inachosha, na wengi huacha siku ya nne.

Cha kuogopa zaidi ni matone yenye steroidi yanayonunuliwa bila kupimwa. Hutoa wekundu haraka, lakini yakitumika muda mrefu yanaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Dawa za kienyeji nazo zina historia: utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulihusisha dawa hizo na takriban robo ya vidonda vya kioo cha jicho vilivyochunguzwa.

Anayepata maumivu makali, anayeona ukungu au anayeshindwa kutazama mwanga asisubiri kitambaa wala mashine. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Akipewa rufaa kwenda Mbeya, ni kilomita kama 100 tu.