KUHAKIKI SI KUKOSA ADABU



Wengi wenu mliupata ule ujumbe wa Jumamosi wenye picha ya Mwenyekiti wetu, ulioomba rambirambi ya haraka kwa mwanachama aliyefiwa. Hakuna mwanachama aliyefiwa, na namba ile si ya Mwenyekiti. Hata hivyo wenzetu wawili walituma fedha. Mwingine alifungua linki ya "fomu ya wachangiaji" kwenye kompyuta ya nyumbani, akajaza namba yake ya NIDA na nenosiri la barua pepe. Polisi wameshapewa taarifa. Haya ninayoandika ni maoni yangu, na anayeyapinga aje ayapinge kikaoni.

Kwanza, kicheko kikome. Tangu Jumamosi kundi letu limejaa utani juu ya wenzetu hawa. Mnaowacheka mnamsaidia tapeli. Mtu akiona aibu hukaa kimya, na akikaa kimya fedha hutolewa kabla kampuni ya simu haijaombwa kuzizuia, nenosiri halibadilishwi, na wengine hawaonywi. Isitoshe, wenzetu hawakuponzwa na ujinga. Waliponzwa na mambo mawili ambayo siku zote tunayasifu: kumtii kiongozi na kuwa wepesi wa kuchangia. Tapeli alijua kwamba kwenye msiba hatuulizi maswali, na kwamba ujumbe wa Mwenyekiti haujadiliwi.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kwetu imekuwa kama utovu wa adabu mwanachama kumpigia kiongozi na kumuuliza, "Samahani Mwenyekiti, hii umeituma wewe kweli?" Desturi hii tuiache. Kwenye uhasibu, hata mkurugenzi akitaka malipo, mhasibu huomba hati na saini ya pili, na mkurugenzi haoni kwamba ametukanwa. Kiongozi atakayekasirika kwa kuulizwa anamfungulia tapeli mlango.

Kwa hiyo napendekeza kikao cha Jumapili kipitishe haya:

1. Mchango wowote wa Tawi utumwe kwenye namba moja tu, ile iliyobandikwa ofisini, na Mhazini atoe stakabadhi. Ujumbe unaotaja namba nyingine uhesabiwe ni wa uongo, hata ukiwa na picha yangu.

2. Kabla ya kutuma fedha au kujaza fomu, mwanachama ampigie kiongozi kwa namba aliyoihifadhi zamani. Asipige namba iliyoleta ujumbe, wala asiulize kwa kuijibu meseji hiyo hiyo.

3. Orodha za wanachama zisipigwe picha na kurushwa kundini. Zina majina, namba za simu na namba za NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzilinde, na sisi viongozi tuwe wa kwanza kuitii.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya serikali, kwa kuwa laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Ni kweli, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu mkosaji anayejifanya mtu mwingine mtandaoni. Lakini matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Ndiyo maana namba yako ya NIDA ina thamani kwao. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika uifute. Namba ya tapeli iripoti TCRA: tuma neno UTAPELI kwenda 15040, kisha fuata maelekezo.

Kwa wenye kompyuta nyumbani, hasa zile ambazo watoto nao hutumia, nina machache ya kuongeza. Jifunzeni kusoma anwani ya tovuti. Tazama sehemu iliyo kabla tu ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Anwani inayoishia hapo kwa .go.tz ni ya taasisi ya serikali. Lakini nida.go.tz.mfano.com si ya NIDA hata kidogo. Ni ya mwenye mfano.com, na herufi za mbele ni pambo tu. Alama ya kufuli nayo isikudanganye. Inaonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, haisemi kwamba unayewasiliana naye ni mwaminifu. Nenosiri la barua pepe lisifanane na jingine lolote, kwa sababu anayeishika barua pepe yako anaweza kubadilisha nenosiri la karibu kila akaunti yako.

WhatsApp nayo iwekeeni uthibitishaji wa hatua mbili leo hii. Ile kodi ya tarakimu sita inayokuja kwa meseji usimpe mtu yeyote, awe kiongozi, mtoa huduma au ndugu. Kama uliwahi kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya ofisini au ya stesheneri, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa uviondoe usivyovitambua.

Na aliyekwisha kutapeliwa asingoje kikao. Apigie huduma kwa wateja ya mtandao wake mara moja, abadilishe nenosiri kwa kutumia kifaa kingine, kisha aniambie ili niwaonye wengine. Jina lake halitatajwa kundini.

Tuonane Jumapili saa nne asubuhi, ofisi ya Tawi. Atakayetaka kuhakiki kama ujumbe huu ni wangu, anipigie. Nitamshukuru.

Katibu wa Tawi