Mhusika Aliye Nje ya Kamba: Mieleka ya Wawili Wawili kama Tamthilia

Wapo wasomi wa Kiswahili ambao, wakisikia mieleka ya kulipwa ikitajwa, hucheka kwa dharau. Huo ni uwongo mtupu, husema; mshindi amekwisha kupangwa. Tangu mieleka ya Marekani ilipoenea katika runinga za Nairobi miaka ya 1990, hukumu hiyo imerudiwa hata imekuwa kama kanuni. Lakini je, hiyo ni hoja? Mwaka 1976 tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, ambayo wasomaji wa Kiswahili huijua kama Mzalendo Kimathi, iliigizwa katika jumba la kitaifa la maonyesho, hatua chache kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni mtazamaji gani aliyeingia humo asijue kuwa Kimathi alinyongwa mwaka 1957? Kuujua mwisho hakukuua taharuki, na wala hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio.

Mfano ulio bora wa mieleka kama tamthilia watoka Japani. Tarehe 9 Juni 1995, katika ukumbi wa Nippon Budokan jijini Tokyo, Mitsuharu Misawa na Kenta Kobashi, mabingwa wa wakati huo, walikabiliana na Toshiaki Kawada na Akira Taue. Katika mieleka ya aina hii, mmoja tu wa kila upande ndiye hupigana. Mwenzake husimama nje ya kamba na haruhusiwi kuingia mpaka aguswe mkono. Kanuni hii ndogo ndiyo mama wa taharuki yote. Jukwaani, mhusika asiye na zamu hujificha nyuma ya pazia. Hapa huonekana. Hunyosha mkono, humtazama mwenziwe akiumia umbali wa hatua tatu, na sheria humzuia.

Kobashi aliingia ulingoni mguu wake ukiwa umefungwa bendeji. Fumo Liyongo alikuwa na siri ya kitovu chake, na siri hiyo ilibidi kuchunguzwa kwa hila. Udhaifu wa Kobashi haukuhitaji mpelelezi. Kawada na Taue waliuandama mguu ule bila haya, na kila pigo lilimfikia Misawa aliyekuwa nje.

Kuna tabaka la pili pia. Misawa na Kawada walisoma shule moja ya sekondari, Kawada akiwa nyuma kwa mwaka mmoja. Walikuwa wenzi ulingoni hadi mwaka 1993, Kawada alipojitenga na kuungana na Taue. Alimkabili Misawa ana kwa ana kuwania ubingwa mwaka 1992, 1993 na 1994, na mara zote akashindwa. Hakuwa amewahi kuyalaza mabega ya Misawa chini kwa hesabu ya tatu.

Karibu na mwisho, Misawa yu chini, hajiwezi. Kobashi, ambaye mguu wake haumfai tena, anajilaza juu ya mwenziwe ili mapigo yampate yeye. Mtunzi wa kawaida angempa hapo hotuba ya ukurasa mzima. Kobashi hasemi neno. Anaondolewa, na baada ya dakika zaidi ya 42, Kawada anamwinua Misawa, anambwaga, na mwamuzi anahesabu hadi tatu.

Roland Barthes, katika Mythologies (1957), aliiona mieleka kuwa onyesho la mateso, si mchezo wa ushindani. Alisema kweli, ila nusu. Mwigizaji wa Kimathi hurudi nyumbani na shingo yake. Misawa alifariki Hiroshima tarehe 13 Juni 2009, akiwa na umri wa miaka 46, baada ya kubwagwa ulingoni katika pigano la wawili wawili. Wanaoita sanaa hii uwongo na waeleze uwongo huo ulikuwa wapi. Wanaoisifu nao wana deni la kukumbuka ni nani aliyelipia sifa hizo.

Mhadhiri wa sanaa za maonyesho angeweza kuwaonyesha wanafunzi dakika kumi za mwisho za pigano la 1995, sauti ikiwa imezimwa, kisha awaulize mhusika mkuu ni nani. Wengi watamtaja Misawa au Kawada. Wachache watamtaja Kobashi, na mjadala wa maana utaanzia kwao.