Mtoto Anafundishwa Piano, au Anafundishwa Mtihani?



Kwanza niseme jambo moja. Hukumu ya ala za muziki ina wanazuoni wake, na mimi si mmoja wao. Nazungumza na wazazi ambao wameshaamua, wameshalipa ada, na kila Jumamosi mtoto anakwenda kujifunza piano. Kama umeamua afundishwe, basi afundishwe sawasawa.

Binti yangu alianza akiwa na miaka saba. Siku ya kwanza mwalimu alibandika herufi juu ya vibonyezo, akafungua kitabu, safari ya mtihani wa daraja la kwanza ikaanza. Mwaka mzima ni skeli na vipande vitatu, vile vile vya mtihani. Akikosea, rula i karibu na vidole. Alifaulu kwa shida, tukampiga picha na cheti chake. Siku moja bibi yake akamwambia, "Mjukuu wangu, nipigie basi wimbo wowote." Mtoto akajibu, "Bibi, sikuja na kitabu." Haukupita muda akaacha kabisa. Na lawama sitaki kumwachia mwalimu peke yake, maana cheti nilikitaka mimi.

Nauliza: mtoto huyu alifundishwa nini?

Mtoto husikia kwanza, kisha husema, ndipo akaenda shule kusoma. Hakuna mama anayemkataza mwanawe kusema "maji" mpaka ajue kuliandika. Mjapani Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla, alilitazama jambo hili hili: watoto wote wa Japani wanasema Kijapani bila taabu. Akajenga juu yake njia ya kufundisha, ambayo baadaye iliingia pia kwenye piano: mtoto asikilize kila siku, apige alichosikia, noti zifuate baadaye. Sisi tunaanzia mwisho, kisha tunashangaa mtoto anachukia.

Wapo watakaosema, "Bila mtihani mtoto hana bidii." Haya, tuutazame mtihani wenyewe. Bodi ya ABRSM ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1889. Katika mtihani wake wa vitendo, kama ulivyozoeleka kwa miaka mingi, alama ni 150 na kufaulu ni 100. Vipande vitatu vina alama 90 tu. Zinazobaki ni skeli 21, kusoma noti papo hapo 21, na majaribio ya sikio 18. Kwa hiyo hata mtoto akipata alama zote za vipande, bado hajafaulu! Waliotunga walitaka mwanamuziki. Sisi ndio tuliougeuza kuwa wa kukariri.

Sisemi noti zisisomwe. Asiyezisoma atabaki nyuma. Nasema zisitangulie sikio. Basi mzazi, kabla hujalipa ada ya muhula ujao, mwombe mwalimu haya:

1. Miezi ya mwanzo mtoto apige kwa sikio nyimbo fupi anazozijua, ziwe hata za kubembelezea mtoto.

2. Vibandiko vitolewe. Piano kamili ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Vyeusi vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu, na C ni kile cheupe kilicho kushoto mwa kila viwili. Mtoto hulielewa hili kwa siku moja, na litamfaa maisha yake yote.

3. Mazoezi nyumbani yawe dakika 10 au 15 kila siku, si saa mbili za Ijumaa usiku kwa kuogopa Jumamosi.

4. Rula ibaki kwenye hesabu. Kidole kinachoogopa hukakamaa, na kilichokakamaa hakipigi piano.

Mtihani, kama upo, utakuja kwa wakati wake. Cheti kinatundikwa ukutani, lakini bibi hasikilizi ukuta. Binti yangu sasa ameanza kukigusa tena kinanda jioni, bila kitabu. Nami nimejifunza kunyamaza.