Kamera ya Nani? Kwa Nini Tunanogewa Kuwatazama Polisi Mubashara



Nianze kwa kukiri. Ijumaa iliyopita usiku nilitakiwa niwe nasoma Sheria ya Ushahidi, mtihani wake uko wiki mbili mbele. Badala yake nilikuwa nimejilaza hosteli na mwenzangu wa chumba, simu moja, bando la usiku, tunaangalia polisi wa Marekani wakikimbizana na watu. Vipande vya kipindi cha Live PD vimejaa YouTube. Ukimaliza kimoja kinakuletea kingine, ukija kushtuka ni saa nane.

Kuna kipande kimoja jamaa kasimamishwa kwa sababu ya taa mbovu ya gari. Akaanza kujieleza, akajichanganya, mwisho wa yote kakalishwa pembeni ya barabara, pingu mgongoni, analia. Tulicheka, sitawadanganya. Mara mwenzangu akanyamaza kidogo, akasema: "Huyu kakaa kama kaka yako siku ile kwenye taarifa ya habari."

Nikazima simu. Usingizi haukuja.

Nitarudi kwa kaka. Kwanza tuulizane: hivi vitu vinanoga kwa nini? Maana si mimi peke yangu. Live PD ilianza kurushwa na televisheni ya A&E Oktoba 2016. Kila Ijumaa na Jumamosi usiku, saa 3 nzima, kamera zinafuatana na polisi wa miji na kaunti mbalimbali kwa wakati mmoja, huku studio ikiongozwa na mwanasheria, Dan Abrams. Watazamaji wake walifikia kujiita "Live PD Nation", yaani taifa kabisa. Na kabla yao kulikuwa na Cops, iliyoanza mwaka 1989, ambayo haikuwa mubashara lakini ndiyo iliyowafundisha watu kula chakula cha jioni huku wakitazama wenzao wakifungwa pingu.

Utamu wa kwanza ni kwamba hujui kitakachotokea. Tamthilia ina mwandishi, hii haina. Gari likisimamishwa, dereva anaweza kuonywa na kuachiwa, au anaweza kukanyaga mafuta akakimbia. Hata hivyo, huo umubashara wenyewe ulikuwa na chumvi. Picha zilicheleweshwa kwa dakika kadhaa, ili wahariri wapate nafasi ya kukata wanachotaka kikatwe. Ishike hiyo.

Utamu wa pili ni wa mahali unapokaa. Kamera iko ndani ya gari la polisi, pembeni ya askari. Unamjua jina, unamsikia akitania, unaiona hofu yake anapolisogelea gari gizani. Anayesimamishwa unamwona kwa dakika tano tu, tena katika usiku mbaya kuliko yote ya maisha yake. Lazima utamshangilia yule unayemjua. Hata mimi niliyekulia mtaa ambao difenda ikikata kona vijana wote wanatawanyika, niliisikia nafsi yangu ikisema "mkamate huyo!"

Utamu wa tatu ndio unaotuuma zaidi sisi wa huku. Mle ndani haki inapatikana kwa dakika kumi. Kosa, mbio, pingu, imeisha, tangazo la biashara. Sasa wewe unayejua kwamba kesi inapigwa kalenda mwezi baada ya mwezi kwa maneno yaleyale, "upelelezi haujakamilika," huku mtu yuko mahabusu, ukiona kitu kinachoitwa haki kinamalizika kabla chai haijapoa, utakipenda tu. Tuna njaa ya haki, na mwenye njaa hachagui.

Lakini kile sicho haki. Ni ukamataji tu. Kumkamata mtu ni mwanzo wa safari, na hivi vipindi vinatuuzia mwanzo kana kwamba ndio mwisho. Kama baadaye jamaa aliachiwa, kama mashtaka yalifutwa, kama ule unga ulikuwa unga wa kweli wa ngano, mtazamaji hapati habari.

Sasa mwambieni mtu anayependa Live PD awasimulie habari za Javier Ambler.

Usiku wa tarehe 28 Machi 2019, jimbo la Texas, Ambler, mwanaume mweusi wa miaka 40, baba wa watoto wawili, alikuwa anarudi nyumbani baada ya kucheza karata na marafiki. Askari wa kaunti ya Williamson alitaka kumsimamisha kwa sababu hakupunguza mwanga wa taa za gari alipopishana na gari jingine. Taa tu. Hakusimama. Wakamkimbiza kama dakika 22, kamera za Live PD zikiwa pamoja na askari, mpaka gari lake lilipogonga ndani ya jiji la Austin. Alishuka mikono juu. Wakampiga shoti ya umeme zaidi ya mara moja. Aliwaambia ana ugonjwa wa moyo, aliwaambia hapumui. Akafa.

Ule mkanda haukurushwa. Ile chelewesho niliyowaambia ndiyo kazi yake: kwenye kipindi kinachojiita mubashara, kifo hakikuonekana. Baya zaidi, picha zenyewe zilifutwa. A&E walijitetea kwamba utaratibu wao ni kutotunza picha ambazo hazikurushwa. Nimewaambia mtihani wangu ni wa Sheria ya Ushahidi, kwa hiyo mtanielewa nilivyoishiwa nguvu kwenye hiyo sentensi. Mtu kafa mikononi mwa dola, mbele ya kamera ya kitaalamu, na ushahidi unafutwa kwa sababu haukuwa burudani.

Umma ulikuja kujua Juni 2020, zaidi ya mwaka baadaye, waandishi wa Austin walipoichapisha video. Na ile video ilitoka kwenye kamera ya kifuani ya askari, ambayo sheria inataka itunzwe. Haikutoka Live PD. Siku chache baadaye, tarehe 10 Juni, kipindi kikafutwa. Mwaka 2021 Texas ikapitisha sheria yenye jina la Ambler inayozuia vyombo vya polisi kuingia mikataba ya vipindi vya namna hii, na kaunti ikailipa familia dola milioni 5. Niwe mkweli pia: askari wawili walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Machi 2024 baraza la wazee wa mahakama likawaona hawana hatia. Nasi tunaodai haki ya kusikilizwa, uamuzi huo nao tunautaja.

Sasa linganisheni na kamera nyingine. Tarehe 25 Mei 2020, wiki mbili tu kabla Live PD haijafutwa, jijini Minneapolis, binti wa miaka 17 anayeitwa Darnella Frazier alikuwa anakwenda dukani. Akasimama barabarani akainua simu yake, akamrekodi George Floyd akifa chini ya goti la Derek Chauvin. Hakuna polisi aliyemwalika. Hakupanda gari lao wala hakusaini nao mkataba. Video ile ilikuwa sehemu kubwa ya ushahidi uliomtia Chauvin hatiani Aprili 2021.

Kwa hiyo tusiseme kamera ni mbaya. Tunajua wenyewe simu zetu zimetusaidia mara ngapi. Swali ni kamera ya nani, nani kairuhusu iwepo, na nani ana mkasi. Kamera iliyoalikwa na askari inamtegemea askari. Ikimuudhi leo, kesho haipandi gari. Kamera ya raia aliyesimama kando haina cha kupoteza kwa kusema kweli, ila usalama wake mwenyewe.

Kuna ndugu zetu watasema: "Dada, si bora polisi waonekane kuliko wajifiche?" Hoja nzuri. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikutana nayo mwaka 1999, kesi ya Wilson dhidi ya Layne. Maofisa waliingia alfajiri kwenye nyumba ya wazee wawili wakimtafuta mtoto wao, wakiwa wameongozana na waandishi wa habari. Baba yuko na nguo ya ndani, mama na gauni la kulalia, na mtoto hayumo. Maofisa wakajitetea kwamba waandishi wanasaidia umma kuona kazi ya polisi. Majaji wote walikubaliana kwamba kuwaingiza waandishi nyumbani kwa mtu kwa namna ile ni kuvunja katiba, kwa sababu hawakuwepo kusaidia kutekeleza hati ya kukamata. Maofisa wenyewe walinusurika kulipa fidia kwa kuwa sheria haikuwa wazi wakati ule, lakini kanuni ilibaki: kuonyesha kazi ya polisi hakumwondolei raia haki yake.

Sasa turudi nyumbani, kwa kaka.

Ni mtoto wa mama mdogo, lakini tumelelewa pamoja. Alikuwa bodaboda kwenye mji mmoja wa mkoani. Pikipiki ya mkataba, amebakiza miezi minne iwe yake. Siku hiyo wakakombwa kijiwe kizima. Kesho yake waandishi wakaitwa. Akasimamishwa kwenye mstari na wengine saba, mbele yao meza yenye nondo, mapanga na misokoto ya bangi ambayo hajawahi kuiona, na mkubwa mmoja anasoma taarifa: "tumefanikiwa kuwakamata wahalifu." Hakusema watuhumiwa. Saa mbili usiku taarifa ya habari ikaanza. Mama mdogo alikuwa anakula. Akaacha.

Siku ya nne kaka akaachiwa. Hakuna shtaka, hakuna kesi, hakuna "samahani." Na hakuna kamera. Mwenye pikipiki alikuwa ameshampa kijana mwingine, tena alisema kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, mimi nimekuona kwenye TV." Mama mdogo aliacha kwenda kwenye kikundi chao cha kina mama kwa miezi, kwa sababu ya yale macho.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Na kipengele (d) cha ibara hiyohiyo kinataka heshima ya mtu itunzwe katika upelelezi na shughuli zote za jinai. Kaka hakuwa hata ameshtakiwa. Sisi hatuna Live PD, lakini ile meza na ule mstari ni kipindi chetu, na hakihitaji hata tangazo la biashara. Watazamaji tupo.

Hapo ndipo naomba tuambiane ukweli kama familia. Wakati wa uchaguzi, wenzetu wanapoanikwa mbele ya kamera, tunapiga kelele, na tuna haki. Lakini mnakumbuka kada wa upande wa pili alipopigwa picha na pingu kwa tuhuma za fedha? Magrupu yetu yalifurika vikaragosi vya kucheka. Mimi mwenyewe nilisambaza ile picha kwenye magrupu matatu. Yule naye alikuwa mtuhumiwa tu. Ibara ya 13 haiulizi kadi ya chama. Tukiitetea kwa mtu wetu tu, siku tukishika dola tutarithi meza, mstari na kamera, tubadilishe sura za wanaosimamishwa tu.

Ninachoomba ni vitu vidogo. Picha ya mtu aliyeanikwa ikiingia kwenye simu yako, iishie kwako. Ukiandika, andika "mtuhumiwa," hata kama humpendi. Ukirekodi tukio la polisi, simama kando, usiwazuie kazi, usikate video, na ihifadhi sehemu zaidi ya moja. Na ajenda yetu ya mabadiliko ya polisi iseme wazi: marufuku kuwaanika watuhumiwa mbele ya waandishi, na kamera za kifuani kwa askari, zenye picha zinazotunzwa na kufikiwa na mahakama.

Marekani nao hawajapona, msidhani. Julai 2022 kipindi kilekile kilirudi kwa jina la On Patrol: Live, kwenye kituo kingine, na watazamaji wakarudi. Najua ni kitamu. Bando langu bado lipo na vile vipande bado vipo.

Kaka siku hizi anabeba mizigo sokoni. Juzi nimempigia, nikamwambia naandika habari zake, nikamwomba ruhusa. Akasema, "Andika, ila usiweke picha."

Sijaweka. Naomba kuwasilisha.