Ngumi za Sinema Zisiwapotoshe Vijana Wetu

Katika kikao cha wazazi na viongozi kilichofanyika hivi karibuni katika kata moja hapa Kibaha, hoja iliyochukua muda mrefu kuliko zote haikuwa ya maji wala ya barabara. Ilihusu vibanda vya video. Mzee mmoja alisimama akataka vibanda hivyo vifungwe vyote bila kubakisha hata kimoja, kwa maana, alisema, humo ndimo vijana wanamojifunza kupigana. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga makofi, wala sikumpinga pale pale, kwani jambo lililomsimamisha mzee yule lilikuwa msiba ambao sote tuliujua.

Vijana wawili waendesha pikipiki waligombea abiria kituoni. Mmoja wao akarudi nyuma hatua tatu, akaruka, akampiga mwenziwe teke la kifua kama alivyoliona likipigwa mara nyingi kwenye kioo. Aliyepigwa alianguka kichalichali, na kisogo chake kikagonga ukingo wa saruji. Hakufa, Alhamdulillahi, lakini mpaka leo mkono wake wa kulia hauna nguvu, na maneno humtoka kwa taabu. Yule aliyempiga, alipoulizwa, alijibu kwamba hakukusudia kumdhuru kiasi kile. Alidhani mwenziwe atainuka na ugomvi utaendelea. Katika sinema huinuka.

Jibu hilo ndilo linalostahili kupimwa. Kijana yule alijua kuruka, na alijua kupiga. Asichokijua ni matokeo ya teke, kwa sababu hilo ndilo jambo moja ambalo sinema haikumfundisha. Kwa hiyo, kabla hatujafunga vibanda, hatuna budi kujiuliza: katika mapigano tunayoyaona kwenye sinema, lipi ni kweli na lipi ni uongo?

Mapenzi ya wananchi kwa sinema hizi si ya jana. Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973, kabla filamu yake ya Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa Marekani, lakini sura yake iliendelea kuishi katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam kama Avalon, Empire na Odeon. Sisi tuliozaliwa baadaye, tukakulia vijijini Kisarawe, tulizikuta sinema hizo ndani ya mabanda ya makuti, televisheni ikiwa juu ya meza na jenereta ikinguruma nje. Tukitoka chuoni jioni, juzuu bado zi mikononi, tulichungulia kwenye matundu ya ukuta tumwone Schwarzenegger katika Commando ya mwaka 1985 na Van Damme katika Bloodsport ya mwaka 1988. Baadaye wakatokea wafasiri wa Kiswahili, na mashuhuri miongoni mwao ni Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lufufu, aliyewafanya mabibi zetu nao wafuate kisa cha Mchina na Mmarekani kama hadithi ya jikoni. Kanuni moja tuliishika sote: stelingi hafi.

Tuanze na muda. Katika sinema watu wawili hupigana dakika kumi bila kuhema. Tarehe 12 Novemba 1993, katika mji wa Denver huko Marekani, yalifanyika mashindano ya kwanza ya UFC, ambayo ndiyo yaliyoutangaza mchezo wa mapigano mseto, yaani ule unaomruhusu mtu kutumia ngumi, teke, mwereka na kabali kwa pamoja. Mshindi alikuwa Mbrazili, Royce Gracie, ambaye hakuwa na misuli ya kutisha. Aliwashinda watu watatu usiku mmoja, na mapigano yote matatu, ukiyajumlisha, hayakufika dakika tano. Hakuruka hewani. Aliwakumbatia, akawaangusha, akawabana mpaka wakasalimu amri. Waliotarajia kuona waliyoyazoea kwenye sinema waliona watu wawili wakigaagaa chini. Mapigano ya kweli, baina ya watu wasiofungwa na kanuni za ngumi peke yake, mara nyingi huishia hivyo.

Jambo la pili ni mkono. Stelingi hupiga mafuvu ya watu ishirini kwa ngumi tupu, kisha akaketi kunywa chai. Ukweli ni kwamba mifupa ya kiganja ni myembamba, na fuvu ni gumu. Apigaye kichwa kwa ngumi isiyo na glovu ana hatari kubwa ya kuvunja mfupa wa upande wa kidole chake cha mwisho. Madaktari wanaujua vizuri uvunjikaji huo. Wapiganaji wa mseto huvaa glovu ndogo za wakia nne zilizo wazi vidoleni, nao hufunga mikono bendeji kabla ya kuzivaa. Bondia huvaa za wakia nane au kumi.

La tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, ni kichwa. Katika sinema mlinzi hupigwa chupa ya kisogo, hulala nusu saa, kisha huamka akijipapasa. Mwanadamu aliyepoteza fahamu kwa kupigwa kichwa ni mgonjwa, na asiyezinduka mara moja yumo hatarini. Ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Huweza kuvimba, huweza kuvuja damu, na pigo la pili kabla ya kupona la kwanza huweza kuua. Ndiyo sababu katika mashindano halali mwamuzi huingia kati mara tu mtu aachapo kujihami, daktari huketi kando ya ulingo, na aliyepigwa mpaka akazirai huzuiwa kupigana kwa majuma kadhaa. Kituoni kwa pikipiki hakuna mwamuzi wala daktari, na sakafu ni saruji.

Wala si haki kusema kwamba sinema zote husema uongo sawasawa. Enter the Dragon yenyewe hufungua kwa pambano ambalo Bruce Lee na Sammo Hung wamevaa kaptula na glovu ndogo za vidole wazi, na linakwisha kwa mmoja kubanwa chini hadi akakubali kushindwa. Hayo yalionyeshwa miaka ishirini kabla ya Denver. Lethal Weapon ya mwaka 1987 humaliza kwa kabali ya miguu, na ukoo wa akina Gracie wenyewe ulitoa mwalimu wa kuwaelekeza waigizaji. Flash Point ya Hong Kong, ya mwaka 2007, ilimwonyesha Donnie Yen akiangusha na kukunja viungo kama wafanyavyo wapiganaji wa siku hizi. Haywire ya mwaka 2011 ilimchukua Gina Carano, mwanamke aliyekuwa mpiganaji wa kweli.

Hata hivyo, angalieni Warrior ya mwaka huo huo wa 2011, inayosifiwa kuwa karibu na ukweli kuliko nyingi. Mieleka yake ni ya haki, kabali zake ni za haki, na jasho lake ni la haki. Lakini ndugu wale wawili wanapigana mara kadhaa katika muda wa siku mbili, na katika fainali mmoja anateguka bega na bado anaachwa aendelee. Mwamuzi halisi angalisimamisha pambano lile papo hapo. Mbinu zilikuwa za kweli. Maumivu ndiyo yaliyopunguzwa bei. Hapo ndipo ulipo uongo wa sinema hata ile iliyo bora: mbinu hukopwa kwa uaminifu, lakini gharama yake hailipwi mbele ya macho ya mtazamaji.

Sisi watu wa mwambao tusingepaswa kudanganyika kirahisi hivyo. Nani kwetu hajapata kusikia habari za kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa Unguja, Pemba na Lamu, unaochezwa kwa zumari na ngoma? Wachezaji wawili huzunguka, hurusha fimbo, hukinga, na watazamaji hushangilia kana kwamba kichwa cha mtu kimo hatarini. Lakini kila mchezaji mzuri anajua fimbo ya mwenziwe itapita wapi, na sifa yake kuu ni kutomuumiza. Sinema ya kung fu ni ndugu wa kirumbizi. Sammo Hung na Jackie Chan hawakutoka vitani. Walilelewa utotoni katika shule ya opera ya Kichina, wakafunzwa sarakasi, nyimbo na maigizo. Wanachokifanya ni ngoma ya watu wawili wanaolindana: ngumi hupita kando ya taya, kamera hufichwa upande usioonyesha pengo, na mlio wa pigo hutiwa baadaye. Hata hivyo huumia. Jackie Chan alivunjika fuvu mwaka 1986 alipoanguka akiigiza filamu ya Armour of God, akapasuliwa kichwa. Ikiwa bingwa wa kujifanya anaumia hivyo, itakuwaje kwa asiyejua kwamba hayo ni kujifanya?

Wapo watakaosema kwamba sinema ni burudani tu, na mtazamaji ana akili zake. Nakubali nusu ya neno hilo. Jirani zetu wa Wakaliga, mjini Kampala, walitengeneza mwaka 2010 filamu ya Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo mno, imejaa kung fu na risasi, na msimulizi wake huicheka tangu mwanzo hadi mwisho. Sijasikia mtu aliyeifanya kuwa darasa la kupigana, kwa sababu imekiri waziwazi kuwa ni mzaha. Hatari imo katika ile inayovaa joho la ukweli, tena mbele ya mtoto wa miaka tisa ambaye hana mtu wa kumwambia kweli ni ipi.

Je, tufunge vibanda? Jibu langu ni hapana. Kijana wa leo ana sinema mfukoni, ndani ya simu, na hakuna mgambo atakayekagua mifuko ya vijana kuanzia Mlandizi hadi Maneromango. Tukifunga kibanda tutakuwa tumefunga mlango wa nyumba isiyo na ukuta. Isitoshe, hamu ya kijana kutaka kuwa hodari si dhambi. Chuoni tulifundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) alipigana mwereka na Rukana, mtu mwenye nguvu, akamwangusha, tukafundishwa pia kwamba hodari wa kweli si yule aangushaye watu, ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu, na kwamba mtu akipigana auepuke uso wa mwenziwe. Masomo hayo hayakinzani. Ajuaye kuangusha ndiye awezaye kujizuia kwa hiari.

Nchi hii haina upungufu wa mifano. Titus Simba alileta medali ya fedha ya ngumi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Michael Yombayomba alileta ya dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham Septemba 2018 akamshinda Sam Eggington nyumbani kwake katika raundi ya pili. Katika mchezo wa mseto, Waafrika watatu wamepata kuwa mabingwa wa UFC kwa mfuatano mfupi: Kamaru Usman na Israel Adesanya, wote wazaliwa wa Nigeria, mwaka 2019, na Francis Ngannou wa Kamerun mwaka 2021. Ngannou alikuwa mtoto mchimba mchanga. Wapo vijana wa Kisarawe wanaopakia mchanga kwenye malori asubuhi hii. Kinachowatenganisha naye ni mwalimu, mkeka na nidhamu.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kata iwe na mahali pamoja pa mazoezi, hata kama ni darasa baada ya saa za masomo, penye mkeka na mwalimu wa ngumi, judo au karate anayetambulika. Kibaha, yenye viwanja vya Shirika la Elimu na kambi ya JKT ya Ruvu, haina udhuru. Nayo Kisarawe isiachwe nyuma kwa sababu tu haiko kando ya barabara kuu. Siku ya kwanza ya mafunzo hayo kijana afundishwe kuanguka kabla ya kufundishwa kupiga.

Pili, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 imeweka utaratibu wa kukagua filamu na kuzipanga kwa umri. Wenye vibanda waufuate, na sisi viongozi wa mitaa tuusimamie bila kuugeuza mradi wa kudai rushwa. Mtoto wa darasa la tatu hana kazi ndani ya kibanda usiku wa saa nne.

Tatu, wafasiri na watengenezaji wetu wa filamu wabebe sehemu yao. Mfasiri anayejua kutuchekesha anaweza pia kutamka sentensi moja, kwamba huyu aliyepigwa kisogo kwa kweli asingeamka. Nao watunzi wetu, wakipenda mapigano, watuonyeshe kesho yake: kitanda cha hospitali, mama aliyeuza mbuzi kulipia dawa, mahakama, na rafiki wawili wasioweza tena kutazamana usoni.

Kikao kitarejea mwezi ujao, na mzee yule, bila shaka, atasimama tena. Nitamwomba aongozane nami kwanza kwenda kumtembelea kijana yule aliyeanguka. Siku hizi hukaa kibarazani akijizoeza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Vijana wa kituoni hupita kumjulia hali, na wapitapo hapo hakuna anayerusha teke. Funzo hilo limetugharimu mkono wa mtu. Lingeweza kutolewa juu ya mkeka, kwa gharama ya mkeka.